Mzamiaji wa Miaka Sitini

Gogo la katikati lilipasuka kwa mlio kama wa bunduki. Marcelina, aliyekuwa amekwisha kuvuka kwa miguu na kufika ng'ambo, aligeuka akaiona Landrova ya Raymundi ikiinamisha pua kama ng'ombe anayetaka kunywa. Kisha daraja lote likalegea. Gari likateleza, likapiga maji kwa kishindo, likasimama kichwa chini matako juu, magurudumu ya nyuma yakiendelea kuzunguka hewani.

"Ruka!" Parvin alipiga ukelele kando yake. "Raymundi, ruka!"

Hakuruka mtu.

Ilikuwa saa nane mchana, mwezi Machi mwaka 1974, katika mbuga za maji zilizo magharibi ya Kaliua, ambako kila kijito hukimbilia Malagarasi. Mvua ilikuwa imeikata reli siku tatu nyuma. Ndiyo maana walikuwa wakiifuata ile njia ya zamani ya misafara badala ya kukaa raha mustarehe ndani ya treni ya Kigoma. Kijiji cha mwisho walikipita asubuhi, nacho kilikuwa upande ule mwingine wa mto. Mbele yao, kwa kadiri walivyojua, palikuwa na miombo na matope tu.

Marcelina alikuwa na miaka sitini na goti bovu. Alishuka ukingoni kwa makalio, akakumbatia gogo moja lililobaki, akatambaa mpaka kwenye gari. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yakiingia dirishani. Ndani, Raymundi alikuwa ameketi nyuma ya usukani, maji yamemfika kifuani, uso umempauka kama majivu.

"Mguu," alisema. "Chuma cha mbele kimerudi nyuma kikanibana hapa, chini ya goti. Sisikii vidole."

"Unatoka damu?"

"Sijui, mama. Sioni kitu."

Marcelina alitazama kitasa cha mlango. Alipokitazama tena, hakikuwapo. Maji yalikuwa yamekifunika. Huko juu mvua ilikuwa bado inanyesha, na mto ulikuwa unapanda.

Watatu hawa walikuwa wanakwenda likizo, kuzamia ziwani Kigoma. Raymundi alikuwa mzamiaji wa Kigoma, kazi yake kukamata samaki wa mapambo katika Ziwa Tanganyika, wale wa manjano na wa buluu wanaosafirishwa hai kwenda ng'ambo. Miaka miwili nyuma, treni iliposimama Tabora, mfuko wake mmoja wa samaki ulitoboka, naye Parvin, muuza vitambaa wa Kanyenye aliyekuwa amekuja kupokea mzigo, akamwazima beseni. Parvin aliwatazama wale samaki hadi treni ikapiga filimbi. Aliuliza wanaishi wapi. Raymundi alimjibu kwamba wanaishi kwenye mawe, na kwamba mtu yeyote mwenye mapafu mazima na akili tulivu anaweza kwenda kuwatembelea.

"Hata ajuza wa miaka sitini na tatu?"

"Maji hayaulizi cheti cha kuzaliwa, Bi Parvin."

Parvin alikwenda moja kwa moja kwa Marcelina, mkunga aliyemzalisha watoto wake wote wanne, mjane mwenzake, aliyekuwa ndiyo kwanza amestaafu hospitali. Mwaka uliofuata, Raymundi alipokuja likizo kwao Tabora, aliwafundisha katika bwawa la Igombe. Kwanza aliwapeleka kwa daktari wapimwe moyo, masikio na presha. Kisha akawafundisha kwa muda wa majuma matatu, taratibu, bila kuwadekeza. Hewa usiibane kifuani hata mara moja. Masikio yafungue kabla hayajauma. Usizame peke yako. Siku mwili ukikataa, kaa ukingoni unywe chai. Kurudi si aibu. Na Marcelina aligundua jambo ambalo hakuna aliyemwambia: ndani ya maji goti lake halikuuma.

Mwanawe wa kwanza, Justus, karani wa serikali, aliona haya. "Mama, nchi nzima inahamia vijijini, watu wanajenga taifa kwa jasho, wewe na Bi Parvin mnakwenda kuchezea maji kama mabwanyenye. Na ukifa huko?"

"Nimelizalisha hilo taifa kwa mikono hii miaka thelathini na mitano," alimjibu. "Likizo yangu sikumnyonya mtu. Nikifa, nitakuwa nimekufa nikiwa na shughuli."

Sasa alikuwa amesimama ndani ya mto, maji yakimsukuma mapajani, na kijana wa watu amenasa.

"Mitungi ya hewa iko salama?" Raymundi aliuliza.

Turubai la nyuma lilikuwa bado juu ya maji. Parvin, ambaye alikuwa amevuka gogo kwa miguu mitupu, ameyafunga mapindo ya gauni lake kiunoni, alipenyeza kichwa ndani. "Mitatu! Yote ipo na mipira yake ya kupumulia. Na miwani. Na jeki."

"Mtungi mmoja ni wangu, maji yatakaponipita," Raymundi alisema. "Utanitosha kwa saa moja na robo nikitulia. Nikiogopa, nusu saa. Mnanielewa? Kabla ya hapo rudini mkatafute watu."

"Kijiji kiko mbali gani?"

"Maili tisa."

Marcelina alipiga hesabu. Maili tisa, kwa goti lile, katika matope yale, mpaka jua litue. Na kurudi. "Hapana," alisema.

"Mama, umezamia mara sita maishani mwako. Katika bwawa. Maji meupe."

"Ndiyo. Nyamaza nivae."

Parvin alimfunga kamba ya mizigo kiunoni, fundo mara mbili, akashika ncha ya pili. "Huzami peke yako, Sista," alisema. "Mimi niko hapa. Ukivuta mara moja, uko salama. Mara mbili, nakuvuta nje, utake usitake." Kisha akachukua spana kubwa, akaketi juu ya bati la nyuma, akaanza kuligonga. Ngo! Ngo! Ngo! "Mamba hawapendi kelele," alieleza. Hakuna aliyemwuliza amejuaje.

Marcelina aliweka mpira mdomoni, akajiinamisha, akaingia kwa dirisha la upande wa abiria.

Mara hakuona kitu. Aliuleta mkono mbele ya miwani, haukuwapo. Maji yalikuwa baridi, yenye matawi na mchanga, na yalimbamiza ubavu kwenye kiti. Alivuta hewa, akavuta tena, akavuta tena, haraka haraka kama mbwa kwenye jua, na kila alivyovuta ndivyo kifua kilivyozidi kudai. Nakufa, aliwaza. Justus alisema. Akavuta kamba mara mbili.

Parvin alimtoa kwa nguvu ambayo mwanamke wa umri ule hakutakiwa kuwa nayo. Marcelina aliutema mpira, akakohoa, akatapika chai ya asubuhi.

Maji yalikuwa yamemfika Raymundi shingoni. Alikuwa ameinua kidevu. Hakumkemea. "Toa nje kwanza," alisema kwa sauti ileile ya Igombe. "Hewa mbaya ikitoka yote, nzuri itaingia yenyewe. Unahesabu nne ukitoa. Huna wa kushindana naye, mama. Vijana ninaowafundisha humaliza mtungi kwa kujionyesha. Nyinyi wazee mnajua kungoja."

"Mguu upi?"

"Wa kushoto."

"Basi tia mpira mdomoni, mwanangu. Na usiongee tena."

Alimwekea mwenyewe, akamvika miwani, akamkaza meno kwa vidole. Kisha akanawa uso kwa maji ya mto, akahesabu nne, akarudi chini.

Safari hii alifumba macho. Ya nini kuyakodoa mahali pasipoonekana kitu? Katika maisha yake yote ya kazi, mambo makubwa alikuwa ameyafanya mahali macho yasipofika. Mikono ndiyo iliyoona. Aliiacha itangulie: usukani, paja, goti. Chini ya goti palikuwa na ukingo wa bati lililokunjwa, na juu ya bati hilo bomba la chuma. Akafuata muundi wa mguu, polepole, mfupa ukiwa umekatika mahali pamoja, nyama imechanika lakini damu haichuruziki kwa nguvu. Kanyagio lilikuwa limepinda likaukumbatia mguu juu ya kiatu. Mguu ungeweza kutoka. Lakini si kwa kuvutwa mbele, kama Raymundi alivyokuwa akifanya. Ulipaswa kugeuzwa kwanza.

Ngo! Ngo! Ngo! ilisikika juu, ikipita ndani ya maji mpaka kwenye meno.

Alipanda, akamwomba Parvin jeki na kisu. Maji yalikuwa yamemfunika Raymundi pua. Mapovu yake tu ndiyo yaliyopanda, moja baada ya jingine, kwa mpango. Marcelina aliona macho yake nyuma ya miwani kabla maji hayajayameza nayo. Yalikuwa makubwa, yamekauka kwa hofu.

Alisimamisha jeki kati ya chuma cha kiti na lile bomba. Iliteleza. Akaisimamisha tena, ikamwangukia kidole, akaumia hadi akaona nyota. Mara ya tatu ikashika. Akaanza kuizungusha, robo duara kwa robo duara, maana nafasi ya mkono haikuzidi hapo. Chuma kililia. Bati likasogea kwa unene wa kidole.

Kisha akatambua kwamba kugonga kumekoma.

Alisimama akisikiliza. Kimya. Kitu kizito kilipita nje ya gari, au labda ni gogo. Kilikwaruza mlango taratibu, urefu wote wa mlango, kikaendelea. Kila kiungo kilimwambia toka. Alitoa hewa, akahesabu nne, akavuta kamba mara moja. Niko salama. Kamba ikavutwa kutoka juu, mara moja. Kisha spana ikaanza upya, kwa ghadhabu mara mbili ya mwanzo, na katikati ya mapigo Marcelina alidhani anasikia sauti ya Parvin ikimtukana mtu, au mnyama, kwa Kigujarati.

Hewa ikawa nzito kuvuta. Mtungi wake ulikuwa unakwisha. Hofu ya mwanzo ilikuwa imeula. Alipanda mara ya mwisho, akabadilisha.

"Alikuwa mmoja," Parvin alisema huku akimfunga mikanda. "Nimempiga spana ya pua. Nenda."

Robo duara. Robo duara. Alikata kamba za kiatu, akakichana ngozi hadi kisigino. Raymundi aliruka kwa maumivu, mkono wake ukamshika bega na kulifinya. Marcelina aliuchukua mkono huo, akauweka kwenye fremu ya dirisha, akaupigapiga mara mbili: shika hapa. Kisha akauzungushia mguu viganja vyote viwili, akangoja. Alingoja hadi mapovu ya Raymundi yalipotoka kwa wingi, msuli ukalegea kwa nukta moja. Hapo akaugeuza mguu ndani, akaushusha, akaupitisha kisigino kwanza.

Mguu ukaja.

Walitoka dirishani pamoja, wamekumbatiana kama walevi. Parvin aliwavuta wote wawili kwa kamba moja hadi kwenye gogo. Raymundi alitapika maji, akalala kifudifudi, akalia bila haya. Marcelina hakumtazama. Alikuwa anachana shuka la Parvin kwa meno, kwa ajili ya kufunga mfupa.

Ndipo wakauona mtumbwi. Uliletwa na mkulima mmoja wa kijiji kipya cha ujamaa ng'ambo ile, jina lake Ng'washi, aliyekuwa akikagua migono yake ya samaki katika mafuriko. Alikuwa amesikia bati likigongwa tangu mchana.

"Nilidhani mnaita watu mkutanoni," alisema. Kisha akatazama gari, akatazama mguu, akawatazama wale wanawake wawili waliolowa chapachapa, mmoja na mtungi mgongoni. "Shikamooni, mama zangu. Nani aliyemtoa?"

"Marahaba, mwanangu," Marcelina alijibu. "Hebu kata fito mbili zilizonyooka. Na una maji safi ya kunywa?"

Walilala kijijini siku nne. Watu wa pale, ambao nao walikuwa wamehamishwa miezi mitatu tu nyuma na hawakuwa na paa za kutosha, waliwapa nyumba iliyokuwa na paa zima. Ng'ombe sita wa plau waliitoa Landrova mtoni, haikuwaka. Reli ilipofunguliwa, wanaume wanane walimbeba Raymundi kwa kitanda hadi stesheni, akapandishwa treni ya kwenda Kigoma. Mkuu wa stesheni aliwaonea huruma wale wazee, akawaambia treni ya Tabora ingefuata baada ya saa mbili.

"Itusalimie Tabora," Parvin alisema, akapanda.

Si kwamba hawakubadilika. Parvin aliyekuwa akisema mchana kutwa sasa aliweza kukaa kimya saa nzima akitazama dirishani. Marcelina alishtuka usingizini mara mbili akilitafuta dirisha la gari. Kidole chake kilichoangukiwa na jeki hakikunyooka tena. Na asubuhi ya kwanza ziwani, alipoketi ukingoni mwa boti na kuona maji yale ya buluu yasiyo na mwisho, miguu yake ilikufa ganzi akashindwa kuinuka. Alikaa hivyo robo saa nzima. Hakuna aliyemharakisha.

Raymundi alikuwa amelazwa nyuma ya boti, mguu ndani ya hogo jeupe la plasta, haruhusiwi hata kulowa. Kazi ya kuwaongoza chini alikuwa amemkabidhi mwenzake, Abasi, mzamiaji wa miaka ishirini na minane mwenye mabega kama mlango.

Abasi aliwatazama, akajikuna kichwa. "Bibi zangu," alianza kwa adabu, "maji haya ni marefu. Kwa umri wenu, mimi naona labda tungebaki hapa juu tu, mkatazama kwa miwani—"

"Abasi," Raymundi alimkatiza.

"Naam, kaka."

"Huko chini, ukipatwa na jambo usilolijua, usihangaike. Mtafute huyu mama, ushike mkono wake, ufanye atakavyokuambia."

Marcelina alikuwa amekwisha kuvaa miwani. Alitoa hewa yote iliyokuwa kifuani, akahesabu nne, akajiachia kinyumenyume majini.