Nani Amekuleta Mezani

Babu yangu alikuwa mshika funguo za ghala la mji, na hapakupotea hata gunia. Baba yangu alikuwa karani wa mahakama. Mahakimu walisimama kumwamkia. Mimi nimefundisha hesabu hadi macho yakachoka. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupanda kizimbani, mpaka mjukuu wangu. Haya alinisimulia mwenyewe, gerezani, bila kuinua uso.

ASUBUHI. CHUMBA CHA NYUMA.

Walikuwa watatu, nyuma ya duka la kuchapisha kadi za harusi. Kinara alitia komeo mlangoni. Fundi, mtaalamu wao wa kompyuta, alitafuna njiti ya kiberiti. Mjukuu wangu aliketi juu ya katoni za karatasi. Yeye ndiye aliyeandika maneno matamu ya kuwavuta watu kwenye karata za poka mtandaoni.

Kazi yao ilikuwa uwakala. Unaweka kiungo kwenye ukurasa wako. Mtu akikibofya na kujisajili kucheza, kampuni inakukatia fungu la kila anachopoteza, maisha yake yote. Mwishoni mwa kiungo hukaa msimbo unaomtambulisha wakala. Wao waliuita mkia. Mwenye mkia ndiye mwenye wachezaji.

"Yule wakala marehemu aliacha ukurasa mnono kuliko yote," alisema Kinara. "Mjane wake anakula kwa huo. Hajui hata kuzima kompyuta. Tunaingia kama mafundi. Tunakata mkia wa marehemu, tunabandika wetu. Tunatoka."

"Marehemu ndiye aliyenifundisha kazi," mjukuu wangu alisema.

"Basi ukifika mshukuru."

Fundi alicheka peke yake.

"Na sheria?" mjukuu wangu aliuliza.

"Sheria gani, kaka? Ile ya zamani inataja meza na nyumba za kamari. Mpya bado wanaigombania bungeni. Hatujaruhusiwa, hatujakatazwa. Tuko kwenye uchochoro katikati ya nyumba mbili."

"Mkia mpya uko kwa jina la nani?"

Kinara alimshika bega. "Lako. Lina heshima zake. Nani atamshuku mjukuu wa mwalimu?"

Kijana akavimba kichwa. Jina nililomrithisha liliuzwa pale, juu ya katoni, naye akadhani ametunukiwa.

KABLA YA ADHUHURI. NYUMBANI KWA MJANE.

"Shikamoo, mama. Tumekuja kuiangalia mashine."

"Marahaba, wanangu. Iangalieni, ila msiniharibie. Nikiiwasha asubuhi, anaongea."

Wakatazamana. Mjane aliinama juu ya meza, akabofya mahali pamoja tu alipopajua. Sauti ikatoka, nzito, yenye kikohozi kidogo. Marehemu alikuwa ameirekodi ili kuwalaki wachezaji wapya.

"Karibu, mwanangu. Vuta kiti. Nani amekuleta?"

Ndilo swali la biashara yao. Hapo ndipo mkia wa wakala huandikwa.

"Kila siku namjibu," alisema mjane. "Namwambia, si wewe mwenyewe uliyenileta nyumba hii?" Akaenda jikoni kuchemsha chai.

Hakuna aliyecheka. Fundi alikaa, akafanya kazi. Jasho lilimdondoka kwenye vibonye.

"Tayari. Jaribu."

Mkia ukishabadilishwa, lazima ujaribiwe. Mwandishi hujisajili kwa jina la kubuni, aone kama mchezaji anaangukia mahali pake. Mjukuu wangu alikuwa amefanya hivyo mara nyingi mno. Aliketi kwenye kiti cha marehemu. Akabofya.

"Karibu, mwanangu. Vuta kiti. Nani amekuleta?"

Alihisi mtu amesimama nyuma yake, karibu, kama zamani alipokuwa akifundishwa. Hakuthubutu kugeuka. Mikono yake ilijaza fomu kama ya mtoto aliyeulizwa na mkubwa: jina lake, la baba yake, langu. Kwenye swali la mwisho akaandika mkia wake.

"Umeweka jina gani?" Kinara aliuliza.

Mjukuu wangu aliondoa mikono kwenye vibonye.

"Wewe! Jina gani?"

"Langu."

Fundi alitema njiti. Katika kazi ile wakala haruhusiwi kujileta mwenyewe; kampuni huuhesabu huo kuwa wizi, na mitambo yake hailali. Skrini ikawa nyeupe. Maandishi yakatokea: Mchezaji na wakala ni mtu mmoja. Mkia umefungwa. Ukurasa umefungwa.

Ukurasa wote uliishi kwenye mitambo ya kampuni. Nakala nyingine haikuwapo, wala ya sauti.

"Umetuzika," Kinara alisema taratibu.

"Twendeni basi," mjukuu wangu alisema.

"Twende na nani?" Kinara alifunua shati. Kisu kilikuwa kiunoni. "Kaa hapohapo. Si jina lako hilo?"

Dirishani kijana aliliona gari lao likiondoka. Kinara alikuwa na simu sikioni. Mjukuu wangu alijua anapigiwa nani.

ADHUHURI.

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Hakuutumia. Mjane alirudi na sinia la vikombe.

"Wenzako wako wapi?"

Alimwambia yote, amesimama. Mjane aliweka sinia chini, akabofya. Akabofya tena. Weupe mtupu.

"Mrudishe."

"Siwezi, mama."

"Watatu wazima," alisema mjane, "mmekuja kumnyamazisha maiti."

Askari walifika chai haijapoa. Mkubwa wao alikiri kuwa poka ya mtandaoni hajui aiweke kwenye kifungu gani. "Lakini kuingia nyumba ya mtu kwa hila ukaiba," alisema, "hicho nakijua kwa moyo." Wakamtia pingu.

Alipovuka kizingiti, nyuma yake mjane alikuwa bado anabofya. Ananiambia anausikia mbofyo ule hata sasa, ndani ya seli, ambako hakuna mashine. Kisha hubana pumzi na kungoja sauti. Haiji.

Sasa ninyi vijana, wekeni simu chini mnisikilize. Sisemi kwa upole. Atakayewaambia sheria haijatamka neno, muulizeni kazi hiyo imeandikwa kwa jina la nani. Ukiambiwa ni lako, inuka utoke, wala usiage. Mmesikia? Nijibuni.