Aliyetembea Mbele ya Pawatila

Ndugu zangu mnaolima milimani, acheni majembe kidogo niwaeleze yaliyoipata nyumba moja huku Tarime.

Asubuhi za kulima zilikuwa tamu pale kwa Nyangwine. Yeye nyuma ameshika plau, mkewe Bhoke mbele ya maksai, anapiga mluzi, anawaita kwa majina, nao wanamfuata wakikata mlima kwa ubavu. Ndivyo tulivyozoea: ng'ombe hawaendi bila mtu wa mbele. Ukiwasikia kutoka barabarani ungesema wanacheza.

Kisha ndigana ikapita, ule ugonjwa wa kupe, maksai wakafa wote. Nyangwine akauza alichokuwa nacho akanunua pawatila, lile trekta dogo ambalo unatembea nyuma yake umeshika mipini yake miwili.

Fundi Godwin, aliyeileta kutoka Sirari, alimfundisha pale barabarani.

"Mzee, hapa tambarare ukibana klachi ya kushoto, inakwenda kushoto. Ukishuka mlima inakuwa kinyume: unabana kushoto, yenyewe inakwenda kulia. Klachi kubwa, ile inayoachia magurudumu yote, usiiguse kabisa kwenye mteremko, itakukimbia. Na mtu asikae mbele."

"Kijana, mlima huu nimeulima hujaota meno."

"Uliulima na ng'ombe, mzee."

"Na huyu ni ng'ombe. Tofauti yake hapigi teke."

Wakacheka, fundi akapanda pikipiki akaenda zake.

Bhoke naye hakuweza kukaa nyumbani. Aliwakumbuka mno maksai wake.

"Baba Eunice, nitangulie?"

"Tangulia, mama. Bila wewe mstari unapinda."

"Lakini ng'ombe gani huyu? Anakunywa dizeli tu, hata mavi ya kusiriba nyumba hatoi!"

Jamani, mtu atawalaumu vipi? Walikuwa wanatafuta ile furaha yao ya zamani.

Upande wa tambarare kazi ilienda vizuri. Walipomaliza upande wa juu, wakaanza kushuka kwenda nyumbani, Bhoke mbele kama kawaida, kidogo upande wa kulia. Mashine ikaanza kuvutwa kulia, kule alikokuwa Bhoke. Nyangwine akabana klachi ya kushoto. Ikazidi kwenda kulia. Akaogopa, akabana klachi kubwa, na hapo magurudumu yakaachiwa, chuma chote kikateremka kwa uzito wake.

"Toka! Mama Eunice, toka!"

Bhoke akageuka. Hakukimbia. Aliinua mikono yote miwili akapaza sauti, kama unavyomsimamisha maksai aliyeshtuka. Maksai angesimama.

Majirani waliinyanyua mashine, wakamkimbiza hospitali. Alipona, lakini mguu ulikatwa juu ya goti.

Sasa Bhoke anaishi kwa mama yake huko Morotonga, kwenye tambarare. Kwa Nyangwine ni kupanda mawe matupu, na magongo hayafiki. Kila akipata lifti mumewe huenda kumwona, wanakaa barazani. Siku moja Bhoke alimuuliza:

"Mvua imenyesha kwetu?"

"Imenyesha."

"Na upande wa juu umepanda nini?"

"Sijaulima."

"Kwa nini?"

Nyangwine akatazama chini. "Nikifika pale nakuona umeinua mikono."

Bhoke akasogeza magongo yake kando. "Mimi kila nikiamka naunusa ule udongo. Wewe uko nao, unauacha uote magugu?"

"Nitajenga chini, karibu na barabara. Utarudi?"

"Jenga kwanza, Baba Eunice. Nikisikia nyumba imeezekwa nitakuja, hata kwa kubebwa."

Hadi leo ni msingi tu. Mtu mmoja hujenga polepole.

FUNZO

Mashine si ng'ombe. Haina macho, haikujui, hata ukiiita kwa jina. Kwenye mteremko weka gia ndogo kabla hujaanza kushuka, na usibadilishe katikati. Klachi kubwa iache. Za pembeni usizitegemee, maana zinageuka kinyume. Ikikuelemea, zima injini. Anayekufundisha, hata akiwa mdogo kwako, mwambie arudie, tena akuonyeshe palepale mlimani. Na mbele ya mashine asitembee mtu, hasa yule unayempenda kuliko wote, kwa sababu ndiye atakayetaka kutangulia.

Haya yote Nyangwine anayajua sasa, na jioni anapika ugali wa mtu mmoja.