Ngumi Zote Zilitoka Kushoto

Ndugu zangu, raundi ya pili tu nikajua nimeuzwa.

Mpinzani wangu, wanamwita Nyundo, alikuwa ananizunguka upande mmoja. Kushoto, kushoto, kushoto...

Na kushoto mimi sioni.

Siri hiyo tuliijua wawili, mimi na mjomba, kaka yake mama, kocha wangu tangu utotoni. Jicho lilikufa mwaka uleule niliochukua mkanda. Daktari alinionya kwamba nikizidi kupigwa kichwani, na la pili litafuata. Nikaitikia, kesho yake nikarudi mazoezini. Picha yangu ilikuwa ukutani kwa kila kinyozi, jamani. Ningeachaje?

Mjomba akawa jicho langu. Ngumi ikija kushoto, anagonga sakafu ya ulingo kwa kiganja, nasikia miguuni, nakwepa. Watu wakasema nina macho kisogoni.

Siku ile aligonga mpaka kiganja kikavimba. Nyundo alinishindilia mbavuni, akarudia palepale, nikaenda chini. Refa akamaliza kuhesabu nikiwa bado natafuta pumzi.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo nilimuuliza mjomba amelipwa nini.

"Sijakuuza, mwanangu."

"Toka."

Akatoka, hata koti lake hakuchukua.

Baada ya hapo simu zikanyamaza. Vinyozi wakabandika picha ya Nyundo. Mimi nikawa mtu wa kushinda ndani, namlaani mjomba asubuhi na jioni. Kikulacho ki nguoni mwako, si ndivyo wasemavyo?

Halafu siku moja Nyundo akaja nyumbani.

Alimwamkia mama, akavuta kigoda cha nyuma ya mlango bila kuonyeshwa.  Huyu mtu alishawahi kuingia humu.

"Kaka," akaniambia taratibu, "siku ile nilikugusa kichwa?"

Nikafikiri... Hata mara moja.

Nikamgeukia mama. Alikuwa anakunja nguo, hakuinua uso.

"Nikikupa kikombe upande wa kushoto hukipokei mpaka nikuite," alisema. "Ulidhani sioni? Nikamwita huyu humu ndani, nikampigia magoti. Nikamwambia upande wako mbovu ni upi, akumalize mapema, ila mbavuni tu."

"Kwa nini hukuniambia mimi, mama?"

"Nilikwambia uache. Ukanijibu mambo ya ngumi siyajui."

 Nilichukua koti la mjomba, nikatoka.

Wapendwa, ukianguka usikimbilie kumtafuta msaliti. Unaweza kumfukuza mtu pekee aliyekuwa anakuonea njia. Mama kaliokoa jicho langu moja, la pili nimelitimua kwa mdomo wangu mwenyewe, na hilo linaniuma kuliko mkanda.

Haya nayaandika nikiwa mlangoni kwa mjomba. Nimegonga kwa kiganja, vilevile alivyokuwa akinigongea yeye.

Ndani nimesikia kiti kikisogea. Hajafungua.

Nagonga tena.