Uso wa Gisubizo kwenye Nyumba ya Fromaji

Siku ile, katika nyumba ya fromaji, yaani jibini, tulikuwa hawa: mimi Verdiane, mwanangu Tuyizere wa miezi tisa, niliyembeba mgongoni, mama mkwe wangu Annonciata, Papa Karangwa, mwenye ng'ombe, na Samy, mtoto wa dada yake, aliyeleta ordinatere, kompyuta yake. Mume wangu Luc alikuwa mbali, Walikale, akichimba madini. Binti yangu Gisubizo alikuwa amekufa miaka miwili kabla.

Kazi yangu kwa Papa Karangwa ilikuwa kutunza fromaji zake. Kila jioni, jua likianza kushuka nyuma ya vilima vya Masisi, niliingia na ndoo ya maji ya chumvi na kitambaa. Nilipangusa kila fromaji, nikaigeuza, kisha nikamwaga maji ya kijito sakafuni ili baridi isiondoke. Nyumba ile ina kuta za mawe na dirisha moja dogo. Hata wakati wa kiangazi, ukiingia unatafuta kitu cha kujifunika.

Ndiyo sababu Samy alileta mashine yake pale.

Samy alisomea Goma kuchora watu kwa ordinatere, watu ambao ukiwaangalia unadhani wanapumua. Kila unywele, kila kitundu cha ngozi, mashine inakipigia hesabu, na hesabu zile zinaleta joto. Katika chumba chake pale senta, penye maduka, joto lilipanda mpaka mashine ikajizima, mara tatu. Kwa Papa Karangwa kulikuwa na turbine ndogo ya umeme kwenye kijito, na kulikuwa na baridi.

Samy ni mtu mwema. Nataka hilo lijulikane. Aliposikia kwamba sina picha hata moja ya Gisubizo, hakuniomba kitu. Alikuja kwetu jioni nyingi, akakaa kwenye kibao, akaufinyanga uso wa binti yangu ndani ya kioo cha ordinatere, akiniuliza polepole. Pua, hivi? Paji la uso? Nilisema hapana, hapana, punguza... ndiyo.

Lakini uso niliokuwa nao kichwani ulikuwa mmoja tu. Ule wa mwisho.

Tulikimbia kutoka Itebero wakati wa risasi, mimi na yeye. Siku tatu kwa mguu katika msitu, na mvua haikukatika. Alikuwa na miaka minne. Usiku wa tatu aliniambia, "Mama, baridi." Sikuwa na kitu kikavu cha kumfunika. Asubuhi nilimzika kando ya njia. Nilichimba kwa sahani.

Basi nilimwambia Samy aweke midomo ya bluu. Aweke vipele vya baridi mikononi. Nywele zilizolowa, matone ya maji kwenye kope. Alisita.

"Dada, tusimuweke mukavu? Akicheka kidogo?"

Nilijaribu kumkumbuka akicheka. Nilishindwa.

"Njo vile alikuwa," nilimwambia.

Siku hiyo mashine ilianza kuchora asubuhi. Samy alikuwa ameipanga itoe picha kutoka chini kwenda juu, kamstari kwa kamstari. Nilipoingia jioni na ndoo yangu, miguu, gauni na mikono vilikuwa vimeshatoka. Vantilatere zake za kupoza joto zilivuma mpaka fromaji zikatetemeka juu ya mbao.

Papa Karangwa alisimama mlangoni, mikono mifukoni.

"Samy, hii kitu yako inakula kuran ya turbine yangu kupita vile ngombe zangu zinakula majani."

"Ni ile mayi, Papa. Kila tone iko na mwangaza ndani, mashini inaihesabu yote. Mayi njo inaichokesha."

"Na ikizimika?"

"Tunaanza tena ku zéro. Na kesho asubuhi narudi nayo Goma."

Aliponiona nimesikia, alitazama chini. Nilitandika vitambaa vilivyolowa kuzunguka meza. Nilimwaga ndoo ya pili, na ya tatu.

Mama mkwe alikuja na viazi vya moto, amevifunga katika jani la mgomba, kwa sababu alijua sijala. Akaangalia kioo. Aliangalia muda mrefu ile mikono midogo yenye vipele.

"Mama Gisubizo," alisema. Wakati ule bado aliniita hivyo. "Mbona mumemutengeneza na baridi?"

Nilikamua kitambaa juu ya ndoo.

"Ungemuvalisha hata kitenge, mwanangu."

Kwenye pembe ya kioo kulikuwa na namba ya joto. Tisini na mbili. Tisini na nne. Samy aliuma kidole. Tisini na tano...

Kisha vantilatere zikanyamaza.

Zote.

"Imekufa," Samy alinong'ona.

Lakini kioo kilikuwa bado kinawaka, na shingo ya binti yangu ilikuwa inatoka. Namba ikaanza kushuka. Themanini. Hamsini. Ishirini. Samy aliweka kiganja juu ya chuma cha mashine, akakiondoa haraka.

"Iko baridi, dada. Iko baridi sana..."

Nilisikia harufu. Haikuwa ya maziwa, wala ya chumvi. Majani yaliyooza. Udongo wa msituni uliokunywa mvua siku nyingi. Pumzi zetu zilitoka nyeupe vinywani. Papa Karangwa alifanya ishara ya msalaba, wala hakufanya mzaha tena.

Mgongo wangu peke yake ulikuwa na joto. Nilidhani Tuyizere amelala vizuri.

Kidevu. Midomo.

Midomo haikuwa ya bluu.

"Samy, umebadirisha rangi?"

"Sijagusa kitu."

Ilikuwa myekundu, midomo ya mtoto aliyetoka kuota moto. Nikashusha macho. Vipele mikononi vimekwisha. Na gauni... gauni lilikuwa linakauka. Pale pale ndani ya kioo, mbele ya macho yetu, kuanzia pindo kwenda juu, kama lililoanikwa juani.

Mkono wa mama mkwe ulipita begani kwangu, ukagusa kichwa cha Tuyizere.

"Huyu mutoto anachoma."

"Ngoja, mama."

"Anachoma, nasema! Mutoto iko mugongoni kwako, na we unaangalia kioo?"

"Kadakika kamoja. Imebaki macho."

Nilisema hivyo. Mimi, kwa kinywa changu.

Samy alishika waya.

"Nikate?"

"Usikate."

Pua. Mashavu. Nyuma yangu Tuyizere alianza kurukaruka, miguu yake ikinipiga kiunoni, migumu, bila kulia. Sitasema sikujua. Nilijua. Kitenge kilikuwa kinaniunguza mgongo, na mimi nilikuwa nahesabu mistari iliyobaki. Minne. Mitatu...

Macho yakatoka.

Yalinitazama. Hapakuwa na tone hata moja kwenye kope zake. Alikuwa mkavu, amepata joto, na alikuwa anacheka kidogo.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Mama Tuyizere!"

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniita hivyo. Mama mkwe alimsukuma Samy, akashika waya kwa mikono miwili, akaung'oa ukutani.

Giza.

Katika giza lile nilisikia fromaji moja ikianguka kutoka kwenye ubao, ikabingirika sakafuni polepole mpaka mguuni kwangu. Sikuinama. Nilifungua kitenge. Macho ya mwanangu yalikuwa yamegeuka meupe.

Papa Karangwa alivua koti lake akanivalisha, kwa sababu nilikuwa natetemeka kuliko mtoto. Alitupeleka kwenye senta ya afya kwa pikipiki yake, akipunguza mwendo kwenye kila shimo. Muuguzi, msichana mdogo tu, alimwosha Tuyizere kwa maji, akamchoma sindano, akampepea kwa daftari lake bila kuketi. Alisema ni malaria iliyopanda kichwani. Inaweza kuwa. Malaria iko kila mahali, hata kwetu vilimani.

Samy hakurudi Goma kesho yake. Siku ya tatu alikuja, akakaa kwenye ncha ya kitanda, akageuzageuza kofia mikononi.

"Dada, mashini inaandikaka saa ya kila kitu yenye inafanya. Nimesoma. Ilijizima yenyewe. Saa kumi na mbili na dakika kumi. Joto."

"Mama aling'oa waya saa ngapi?"

"Inakaribia saa moja."

Aliiweka kofia gotini.

"Picha iliishia ku shingo," alisema. "Juu iko nyeusi tu."

"Lakini we uliona macho, kaka."

"Niliona."

Akaniuliza, kwa upole wake uleule, kama nataka ajaribu tena siku moja. Amtengeneze mkavu, na kitenge. Nilimwambia hapana. Alilia yeye, si mimi. Kisha alifuta kila kitu mbele yangu ili nilale, na bado silali.

Mama mkwe hamlaumu Gisubizo. Anasema mtoto alikuwa na baridi, tukamwita katika baridi ileile, akachukua joto alipolipata. Kwanza la mashine. Halafu la mdogo wake.

"Hakufanya mubaya," ananiambia akisogeza kuni motoni. "Alikuwa mutoto tu. Angejua je?"

Kuhusu mimi hasemi kitu. Ananipakulia chakula, ananipa kipande kikubwa, na hasemi kitu.

Tuyizere alianza shule Septemba hii. Mwalimu Dorothée amemweka benchi la mbele, na kila somo likianza anamgusa bega taratibu, kwa sababu tangu homa ile hasikii.