Picha Aliyopiga Babake Githinji

Mnanisumbua shosho yenu, wajukuu, na hadithi za kutisha, kisha mkilala na taa mnanilaumu. Haya.

Githinji ni dereva, jirani yetu hapa Abu Hamour, Doha. Babake alikuwa mchochea moto kwenye reli kule Kenya. Garimoshi lao la zamani lilipofufuliwa kwa matembezi ya siku moja, mzee akamsihi aje walifuate pamoja wakilipiga picha. Likizo alikuwa nayo, lakini mvivu huyo akasingizia kwamba kafili, mwajiri wake, amekataa.

Siku yenyewe mzee akapiga simu. Honi ililia ndefu nyuma yake. "Sikia, mwanangu, linakuja."

"Baba, niko kazini," akajibu kutoka chini ya blanketi, chumba giza, akakata.

Ikaingia picha kutoka kwa mzee: garimoshi, moshi, na kando ya reli Githinji mwenyewe, amevaa sare yake ya udereva ya Doha, akicheka. Kisha kakake akapiga: mzee ameanguka palepale, simu mkononi, amekufa.

Akaenda kuzika. Alibeba jeneza mbele ya kijiji kizima.

"Shosho, tazama," aliniambia aliporudi, akinipa simu yenye picha za mazishi. Nilitazama. Wenzake wamebeba jeneza mabegani, na pembe aliyoibeba yeye inaelea, haina mtu.