Ngazi Asizozipanda Babu

Kila nikitoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupanda ngazi za duka la Babu kumletea vitambaa kutoka ghorofani. Babu ni fundi cherehani. Zamani alishonea ghorofani, akipiga mluzi kutwa nzima. Kisha akaishusha cherehani chini, akidai macho yake yanataka mwanga wa mlangoni. Mimi nikawa miguu yake. Aliniita Kiherehere kwa sababu mdomo wangu haujui kupumzika.

Babu alikuwa na tatizo la moyo. Vali moja, yaani kilango kinachopitisha damu kwenda mwilini, ilikuwa imeanza kubana. Daktari alitueleza kwamba asiye na dalili anaweza kusubiri huku akipimwa mara kwa mara. Dalili zikianza, kungoja ni hatari, na vali hubadilishwa. Babu hakutaka hata kusikia. Alisema ana nguo za watu, lakini mimi nilijua anaogopa.

Siku ya kliniki Mama alikuwa kazini, nikamsindikiza mimi. Daktari akamwuliza kama anahema akipanda ngazi.

"Sihemi hata kidogo," Babu alijibu, kifua mbele.

Hakudanganya, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Babu akanikata jicho. Niliogopa kumwaibisha, nikaogopa zaidi kumkosa.

"Hahemi kwa sababu hazipandi," nikasema. "Ninazipanda mimi. Hata mluzi siku hizi anaukatiza katikati, pumzi haimtoshi."

Babu akatazama viatu vyake. Kisha akacheka, akamwambia daktari huyu ndiye Kiherehere wake, na akakiri kwamba hata kizunguzungu humshika. Daktari hakumgombeza. Alimpima upya, akamwambia wakati umefika.

Babu akabadilishiwa vali. Tuliporudi kliniki, tayari akiwa na nafuu, daktari alitugeukia sote wawili.

"Mashine hunionyesha vali imebana kiasi gani," alisema. "Lakini mnavyoishi nyumbani, hayo naambiwa na ninyi. Mkinificha, nitachelewa. Ukweli wa mgonjwa ni sehemu ya matibabu yake."

Jana nilifika dukani nikakuta kiti cha mlangoni kitupu na cherehani haipo. Nikashtuka, nikaita. Kutoka ghorofani ulinijibu mluzi mrefu, haukukatika hadi mwisho.

"Panda, Kiherehere," Babu akasema. "Vitambaa nimeshajichukulia."