Kesho ya Marehemu Próspero

Haya sikusimuliwa. Niliyaona kwa macho yangu mawili, na anayetaka kubisha akabishe kwao. Hapa San Melchor, kando ya mto San Juan, hakuna msiba ambao sikukesha, wala jengo lenye feni ambalo sijui kona yake ya kusinzia. Maktaba ya mji ina feni nzuri. Ndiko nilikokuwa, nyuma ya rafu ya ramani, jioni ile Eneida alipoingia na nguo zake nyeusi.

Mumewe Próspero, fundi seremala, alikuwa na siku nane kaburini. Alfajiri ya kuamkia siku ya tisa tungebomoa altare ya marehemu tuliyoijenga nyumbani kwake, na roho ingeshika njia yake.

Eneida aliipita rafu ya riwaya za mapenzi bila kuitupia jicho. Maisha yake yote hakuwahi kusoma kingine. Akasimama kwenye kona ya mwisho, mahali ambapo mguu wake haujawahi kufika.

"Mama Eneida, umepotea," alisema Arleny, mkutubi. "Wanaobusiana wako kule. Huku ni wanaonyongana."

"Najua. Nipe kinachotisha kidogo."

"Cha kidogo hatuna, mama. Nani kakutuma?"

Eneida alinyoosha tu mkono wa kupokea.

Kona ile ilikuwa ya Próspero. Alizisoma hadithi za kutisha mpaka sukari ikamla macho. Baada ya hapo, miaka mitatu mizima, kila jioni kwenye kiti chake cha kubembea ilikuwa ombi lile lile: "Nisomee japo ukurasa mmoja, mke wangu." Na jibu lile lile: "Mashetani hawapiti kinywani mwangu." Kisha Eneida alifungua riwaya yake ya mapenzi na kuisoma kimyakimya, mbele ya kipofu. Mzee wa watu akabaki kuomba makombo.

"Wanafanya nini sasa?"

"Wanapendana," alijibu mkewe, huku akifunua ukurasa mwingine.

Hilo ndilo lililokuwa likimtafuna Eneida.

Arleny akachomoa kitabu chembamba. "Hiki alikirudisha nusu, macho yalipomshinda. Kinahusu mvushaji wa usiku ambaye hatakiwi kumtazama abiria wake."

Eneida alikipeleka nyumbani chini ya khanga, kama mwizi wa kuku. Waombaji walikuwa hawajafika, ila mimi niliyekuwa nikichemsha kahawa jiko la nje na kuchungulia. Altare ilikuwa peke yake pale ukutani: shuka jeupe, utepe mweusi uliofungwa mfano wa kipepeo, mishumaa, na glasi ya maji ya marehemu. Akaketi. Akaanza kusoma kwa sauti.

Mwanzoni ulimi ulijikwaa. Halafu ukazoea. Halafu, jambo ambalo hakulitegemea, hadithi ikamshika. Kumbe ndani hamkuwa na shetani hata mmoja. Mlikuwa na mtu mpweke kwenye giza, akingoja mwenzake aseme neno. Machozi yakamdondoka juu ya karatasi. Angepungukiwa nini angemsomea akiwa hai?

Alipoinua macho, maji ya kwenye glasi yalikuwa yameshuka hadi nusu.

Nje wakasikika watu wakipanda ngazi. Eneida akafunga kitabu upesi.

"Kesho nitakumalizia, mume wangu," alinong'ona.

Sinia la mikate likaanguka nyuma yake. Mlangoni alikuwa amesimama Domitila, dada wa marehemu, na mimi nyuma yake nimebeba birika la kahawa.

"Wifi. Umesema nini?"

"Nilikuwa tu..."

"Nimekusikia. Umempa maiti *kesho*?"

Kwetu, marehemu ambaye hajavuka siku tisa haambiwi neno hilo. Anaambiwa nenda. Anaambiwa pumzika. Ukimwambia kesho umempa miadi, na wafu hawana kazi nyingine ya kuwasahaulisha miadi.

"Ulimnyima akiwa hai, unampa akiwa chini," Domitila alisema kwa sauti ya chini. "Sasa haondoki mpaka umalize. Na ukishamaliza umwambie nenda. Umenielewa? Nenda. Neno moja tu."

Usiku kucha nyumba ilijaa waombaji, kitabu hakikufunguliwa. Alfajiri tulipanga mistari miwili hadi mlangoni, katikati tukaacha njia. Tukaimba. Mishumaa ikazimwa mmoja baada ya mwingine. Shuka likashushwa. Kila msiba, wakati huo, hupita kaupepo kati yetu kanakoelekea nje. Mimi hukasikia kwenye magoti, na magoti yangu hayajawahi kukosea.

Safari hii hakukupita kitu.

Ila nyuma yetu, kwenye kona tupu...

Nyiii. Nyaaa.

Kiti cha kubembea.

Domitila hakungoja jua lipande. Alikishika kitabu kwa kitambaa, kama panya aliyekufa, akakirudisha maktaba. Kwa hofu alisahau maneno yake mwenyewe; alidhani kitabu kikitoka, na marehemu atatoka. Lakini jioni kiti kikaanza tena, na Eneida akatoka mbio bila viatu.

Aliingia maktaba giza likianza kutanda. Umeme ulikuwa umekatika. Arleny alimwekea taa ya betri mezani, akaenda kufunga madirisha. Mimi nilikuwa nyuma ya ramani zangu.

Eneida alifungua kitabu kile pale alipoachia. Akasoma kwa sauti ya chini. Ukurasa mmoja. Miwili.

Harufu ikaja. Mbao za mwerezi, zilizopigwa randa sasa hivi.

Kiti cha upande wa pili kikalia, kama kinapokea mzigo.

Eneida hakuinua macho.

"Wanafanya nini sasa?"

Ilikuwa sauti kavu, ya mtu mwenye kiu.

"Mvushaji anapiga kasia," Eneida alijibu. "Abiria wake hasemi."

"Endelea."

Akaendelea. Katikati ya sentensi akashindwa.

"Próspero... nisamehe."

Kiti kikalia tena.

"Wanafanya nini sasa?"

Hilo ndilo jibu alilopata. Akasoma hadi mwisho, pale mvushaji anapoweka kasia chini na kugeuka. Kitabu kikaisha. Ndipo naye akainua macho.

Kiti kilikuwa kitupu. Juu yake palibaki vumbi la mbao, bichi, lenye unyevu.

Lilikuwa limebaki neno moja tu. Eneida alifungua kinywa alitamke. Mara rafuni, bila mkono wa mtu, kitabu kingine kikachomoka.

Pa.

Kikalala sakafuni, wazi, ukurasa wa kwanza.

Eneida alikitazama. Kisha akakigeukia kiti.

"Kesho," alisema.

Wiki nyingi zimepita. Kila jioni yuko pale, na Domitila hamsalimii tena. Mimi feni siitaki, nimehamia kulala sokoni.

Yote ni kama nilivyoyasema: glasi, harufu, sauti, vumbi. Moja tu nimelitia mwenyewe, kwa sababu nilimwonea huruma. Kitabu hakikuchomoka. Hakuna kilichoanguka. Eneida aliinuka kwa miguu yake, akapitisha kidole taratibu kwenye migongo ya vile vitabu, kimoja kimoja, akachagua kile kinene kuliko vyote.